Dua za kabla na baada ya kula: maswali ya Waislamu wa Uganda na majibu yake

Ninafundisha watoto madrasa hapa Kampala, na kila muhula maswali ya dua za kula hurudi yaleyale. Huulizwa na watoto, na wazazi wanaokuja kuwachukua, na vijana wa shule za bweni, na wake waliosilimu karibuni wanaoogopa kukosea mbele ya mama mkwe. Nimeyakusanya hapa. Maneno ya Kiarabu nimeyaandika kwa herufi zetu ili yasomeke bila tabu, lakini mwendee mwalimu akusikilize ukiyatamka, maana herufi za kooni hazifundishiki kwa macho.

Niseme nini kabla ya kula?

Sema "Bismillahi", kwa jina la Mwenyezi Mungu. Inatosha.

Msingi wake ni hadithi ya Umar bin Abi Salama, iliyomo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim. Alikuwa mtoto, akilelewa nyumbani kwa Mtume (s.a.w.) kwa kuwa mama yake, Ummu Salama, alikuwa mke wa Mtume. Anasimulia kwamba mkono wake ulikuwa ukizunguka huku na huku ndani ya sahani. Mtume akamwambia: "Ewe kijana, mtaje Mwenyezi Mungu, ule kwa mkono wako wa kulia, na ule kilicho mbele yako." Umar anasema tangu siku ile ndivyo alivyokula.

Nawaomba wazazi waikumbuke hadithi hii kabla ya kumpiga mtoto kofi la mkono kwa sababu amevamia kipande cha nyama kilicho upande wa kaka yake. Mtoto yule hakupigwa wala hakufokewa. Aliambiwa maneno matatu mafupi, akayashika maisha yake yote, na sisi tunayasoma hadi leo.

Ni "Bismillahi" peke yake, au mpaka "Rahmani Rahim"?

Imamu Nawawi amesema bora ni kuikamilisha, na anayesema "Bismillahi" tu amepata sunna. Wako wanazuoni wengine wanaoona bora ni kuishia palepale hadithi ilipoishia. Chagua moja, na mwenzako akichagua nyingine mpe chumvi mle.

Madrasa tulifundishwa "Allahumma barik lana fima razaqtana wa qina adhaban-nar". Siku hizi naambiwa si sahihi. Nifuate nani?

Maana yake ni: "Ewe Mola, tubarikie katika ulichoturuzuku, na utukinge na adhabu ya Moto." Watoto wengi wa Afrika Mashariki dua ya kwanza ya chakula kuijua ni hii, na mimi nilianza nayo. Wataalamu wa hadithi wanasema njia ya upokezi inayoifikisha kwa Mtume ni dhaifu. Lakini maneno yake ni mazuri, na hakuna aliyekataza Muislamu kuomba baraka katika chakula chake.

Ninavyofanya na watoto wangu: nawafundisha kwanza "Bismillahi", wajue hiyo ndiyo nguzo. Halafu nawafundisha hii kama dua ya kuongezea. Tatizo nililoliona ni mtoto anayedhani kwamba asipoikumbuka ile ndefu basi hana la kusema, anaanza kula kimya. Hapo tumempa kirefu tukamnyima kinachotakiwa.

Nimesahau, nimekumbuka nusu ya sahani imekwisha. Nifanyeje?

Sema: "Bismillahi awwalahu wa akhirahu", yaani kwa jina la Mwenyezi Mungu mwanzo wake na mwisho wake. Bibi Aisha (r.a.) amepokea kwamba Mtume alitufundisha hivyo, na hadithi imo katika Abu Daud na Tirmidhi. Usianze upya, usiteme kilichomo mdomoni. Meza tonge lako, useme, uendelee.

Nina mwanafunzi wa miaka sita ambaye hii ndiyo dua anayoipenda kuliko zote. Utamwona shavu limejaa matoke, mkono umeganda hewani, macho yamemtoka. Anameza kwa nguvu, anasema upesi upesi "awwalahu wa akhirahu", kisha uso unarudi mahali pake. Anajua kwamba Mola amemwachia mlango wa kurudi hata katikati ya chakula, na kwa umri wake hilo ni jambo kubwa kulijua.

Tunakula watu sita kwenye sinia moja. Akisema mmoja si inatosha?

Imamu Shafi amesema akitaja mmoja sunna imetimia kwa kundi. Hata hivyo kila mtu aseme mwenyewe. Katika Sahihi Muslim, Hudhaifa anasimulia kwamba walikuwa wameketi kula na Mtume, akaja msichana mbiombio kama anayesukumwa, akataka kutia mkono katika chakula bila kutaja jina la Mwenyezi Mungu. Mtume akamshika mkono. Akaja bedui kwa namna ileile, naye akashikwa mkono. Kisha Mtume akawaeleza kwamba shetani hujihalalishia chakula kisichotajiwa jina la Mwenyezi Mungu, na kwamba ndiye aliyewaleta hao wawili ili apate njia.

Kwa hiyo anayefika amechelewa na kusogezewa nafasi kwenye mkeka asijitegemeze kwa bismillahi ya waliotangulia. Mwenye nyumba naye aitamke kwa sauti ya kusikika kidogo, wasahaulifu wakumbuke.

Na maadamu tumetaja sinia: masahaba walimlalamikia Mtume kwamba wanakula na hawashibi. Akawaambia huenda mnakula mmoja mmoja. Kusanyikeni kwenye chakula chenu na mtaje jina la Mwenyezi Mungu, mtabarikiwa. Imo katika Abu Daud na Ibn Majah. Naiona nyumba nyingi za mjini sasa kila mtu anabeba sahani yake chumbani na simu yake. Rudini kwenye mkeka, hata kama ni chakula cha usiku tu.

Baada ya kula niseme nini?

Fupi kuliko zote ni "Alhamdulillahi". Imo hadithi katika Muslim, kutoka kwa Anas, kwamba Mwenyezi Mungu humridhia mja anayekula mlo akamsifu kwa huo, au akanywa kinywaji akamsifu kwa hicho. Ridhaa ya Mola kwa funda la maji! Sijui ni biashara gani nyingine yenye faida namna hiyo.

Ukitaka kuzidisha, mimi napenda hii kuliko zote: "Alhamdulillahil-ladhi at'amani hadha wa razaqanihi min ghayri hawlin minni wala quwwah." Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyenilisha hiki na kuniruzuku pasipo hila wala nguvu kutoka kwangu. Muadh bin Anas amepokea kwamba mwenye kuisema baada ya kula husamehewa dhambi zake zilizotangulia. Iko katika Abu Daud, Tirmidhi na Ibn Majah.

Ipo nyingine katika Bukhari, kutoka kwa Abu Umama, ambayo Mtume alikuwa akiisema vyakula vinapoondolewa: "Alhamdulillahi hamdan kathiran tayyiban mubarakan fihi, ghayra makfiyyin wala muwadda'in wala mustaghnan anhu, Rabbana." Ndani yake unakiri kwamba huagani na Mola wako kwa kuwa umeshiba, wala hujitoshelezi bila Yeye. Na ile "Alhamdulillahil-ladhi at'amana wa saqana wa ja'alana muslimin" inayoimbwa na watoto, sifa ni za Mwenyezi Mungu aliyetulisha, akatunywesha na kutujaalia kuwa Waislamu, ni maarufu, wataalamu wengi wameona upokezi wake una udhaifu, na maana yake ni shukrani tupu.

Nirudi kwenye ile ya Muadh. "Pasipo hila wala nguvu kutoka kwangu." Mtu hujibu: mbona nimelima mwenyewe? Mbona nimeamka saa kumi alfajiri kwenda sokoni? Kweli umelima. Lakini mvua ya Machi hukuileta wewe, na mgomba ulipotoa mkungu hukuusukuma wewe. Mwaka ambao mnyauko uliingia kwenye shamba la babu yangu, migomba ilikauka mmoja baada ya mmoja, na babu jembe lake lilikuwa lilelile na mikono yake ileile. Baada ya hapo, kila alipomaliza kula alikuwa akiitamka dua hii polepole, akisita kwenye neno "hawlin".

Niko bweni. Posho, yaani ugali, na maharage Jumatatu mpaka Jumapili, na maharage yana wadudu. Nashukuru nini?

Mwanangu, nimekula chakula hicho miaka sita, najua unachosema. Abu Huraira amesema Mtume hakupata kukitia ila chakula hata siku moja. Akikitamani alikula, asipokitamani alikiacha. Iko katika Bukhari na Muslim. Angalia: hakulazimishwa kukipenda. Ruhusa ya kukiacha unayo. Kinachokatazwa ni ule ulimi wetu wa kukitukana chakula mbele ya mpishi aliyekaa jikoni kwenye moshi tangu alfajiri akikoroga sufuria kwa mwiko mrefu kama kasia.

Maharage yakiwa yameharibika kweli, peleka malalamiko kwa anayehusika, kwa adabu. Kudai haki hakuondoi shukrani. Na ukimaliza, sema "Alhamdulillahi" kwa moyo wako wote, kwa sababu umeinuka kwenye meza una nguvu ya kurudi darasani.

Shuleni mtu mmoja husimama akaombea chakula kwa Kikristo, sote tumeinamisha vichwa. Nifanyeje?

Swali hili huja kila muhula, na si ajabu. Katika sensa ya 2014 Waislamu tulikuwa asilimia 13.7 ya watu wa Uganda, basi kijana wetu mara nyingi anakula kati ya Wakristo. Simama kwa heshima, nyamaza, usicheke wala usijitie kuongea. Hulazimiki kuitikia "Amina" kwa maneno usiyoyaamini. Wakiketi, sema bismillahi yako kwa sauti ya chini na ule. Adabu yako pale ndiyo watakayoisimulia kuhusu Uislamu wakirudi makwao.

Maziwa yana dua yake?

Ndiyo, na watu wa Mbarara na Ankole kwa jumla, wafugaji wa ng'ombe, waishike sana. Kwa chakula kingine utasema: "Allahumma barik lana fihi wa at'imna khayran minhu", utubarikie katika hiki na utulishe kilicho bora kuliko hiki. Kwa maziwa unasema: "Allahumma barik lana fihi wa zidna minhu", utubarikie katika haya na utuzidishie. Huombi kilicho bora zaidi. Katika hadithi ya Ibn Abbas, Mtume amesema hakuna kinachosimama mahali pa chakula na kinywaji pamoja isipokuwa maziwa. Nilipomweleza haya mzee mmoja wa Kinyankole, akashika ekyanzi chake, chombo cha maziwa, kwa mikono miwili, akasema: "Hilo sisi tulilijua." Nikamwambia basi sasa una dua yake.

Rolex ya kando ya barabara, mandazi, kikombe cha chai: navyo vina dua?

Vyote. Chapati na mayai iliyokunjwa kwenye gazeti pale Wandegeya ni riziki kama pilau ya harusi. Ukiweza kukaa, kaa. Maji nayo uyanywe kwa pumzi tatu, ukitoa kikombe mdomoni kila unapopumua, kama alivyopokea Anas.

Nimealikwa, sijui nyama imechinjwa na nani. Bismillahi yangu inatosha?

Hapa tuende taratibu, maana ndipo palipo na uzito.

Qur'ani imekataza kula kisichotajiwa jina la Mwenyezi Mungu (sura Al-An'am, aya ya 121). Jina linalokusudiwa hapo ni la wakati wa kuchinja. Bismillahi ya kula haigeuzi mzoga kuwa halali, wala nguruwe, wala pombe. Lakini mwenyeji wako akiwa Muislamu, usimhoji. Bibi Aisha amepokea kwamba watu walimwambia Mtume: kuna watu waliosilimu karibuni wanatuletea nyama, hatujui wametaja jina la Mwenyezi Mungu au hawakutaja. Akajibu: "Mtajieni nyinyi jina la Mwenyezi Mungu, na mle." Bukhari ameipokea. Na chakula cha Watu wa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo, kimetajwa kuwa halali katika sura Al-Maida, aya ya 5, ingawa wanazuoni wana masharti yao kuhusu namna ya kuchinja.

Katika nchi yetu jambo hili lina historia ya damu. Uislamu ulifika Buganda mwaka 1844, zama za Kabaka (mfalme) Ssuuna II. Mwanawe, Mutesa I, aliupokea, akafunga Ramadhani, akajenga msikiti. Kisha vijana wa ikulu wakakataa kuswali nyuma yake kwa kuwa hakutahiriwa, wakakataa na nyama ya ikulu iliyochinjwa na wasio Waislamu. Mwaka 1876 wapatao 70 wakauawa, Namugongo. Ni miaka kama kumi kabla ya mashahidi wa Kikristo wanaokumbukwa kila tarehe 3 Juni. Mtoto wa Kiislamu wa Uganda anapaswa kujua kwamba kuna watu wa hapahapa walioshikilia jina la Mwenyezi Mungu juu ya kipande cha nyama mpaka wakafa.

Ndiyo maana leo naona rehema katika jambo ambalo wengi hawalitazami. Mkesha wa Krismasi, mtaani kwangu, mlango hugongwa. Ni mtoto wa jirani Mkristo, kuku kwapani, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba: "Mama amesema umchinjie, wageni wengine ni Waislamu." Natoka na kisu, naelekea kibla, "Bismillahi, Allahu Akbar". Mtoto anaondoka na kuku wake. Kesho yake shemeji zao wanakula bila wasiwasi. Ukijaliwa jirani wa namna hii, mshike.

Na senene, wale panzi wa kuliwa?

Ikifika Novemba swali hili hutoka Masaka. Mtume amesema tumehalalishiwa wafu wawili, samaki na nzige, na kwetu senene wamehesabiwa pamoja na nzige. Hawahitaji kuchinjwa. Sema bismillahi ya kula, ule. Kama wewe ni wa ukoo wa Nsenene na hamuwali kwa mila, hakuna anayekulazimisha.

Nikiwa katika hedhi, au sina udhu, naruhusiwa kusoma dua hizi?

Naam, bila shaka yoyote. Ni dhikri, hazina sharti la udhu.

Naweza kuomba kwa Kiswahili au Kiganda?

"Bismillahi" na "Alhamdulillahi" jitahidi uziseme kama zilivyo, kila ulimi unaziweza. Zaidi ya hapo mwombe Mola kwa lugha unayoielewa. Na usisahau shukrani ya kibinadamu. Baganda wakimaliza kula humwambia mpishi "webale kufumba", ahsante kwa kupika. Mtume amesema asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu. Baba anayesoma dua ndefu ya Kiarabu kisha anaondoka bila neno kwa mkewe aliyefunga matoke kwenye majani tangu asubuhi, amebakiza deni.

Dua ya kufuturu ni ipi, na isomwe lini?

Anza kwa tende au funda la maji, kisha sema: "Dhahabadh-dhama'u, wabtallatil-uruqu, wa thabatal-ajru in sha Allah." Kiu imeondoka, mishipa imelowa, na malipo yamethibiti Mwenyezi Mungu akipenda. Imo katika Abu Daud kutoka kwa Ibn Umar. Maneno yenyewe yanaonyesha umeshakunywa, basi usisome koo likiwa kavu. Wengi wanaijua "Allahumma laka sumtu wa ala rizqika aftartu", ewe Mola, kwa ajili yako nimefunga na kwa riziki yako nimefuturu. Upokezi wake ni dhaifu, anayeisema haambiwi amekosa. Sisi wa kwenye ikweta jua halituchezei: mwaka mzima linazama karibu na saa moja jioni. Usicheleweshe futari kwa kutafuta dua kwenye simu.

Kwenye maulidi na hitima imamu anaomba dua ndefu kabla ya pilau. Wengine wanainuka kuondoka. Nani ana haki?

Wanazuoni wetu wamehitilafiana, na sitaimaliza hitilafu hiyo hapa. Ninachokisisitiza ni mambo mawili. Dua ya imamu haikuondolei bismillahi yako unapotia mkono kwenye sinia. Na usiikatae dua kwa kelele mbele ya wafiwa.

Nimekaribishwa. Nimwombee nini mwenyeji?

"Allahumma barik lahum fima razaqtahum, waghfir lahum, warhamhum." Ewe Mola, wabarikie katika ulichowaruzuku, uwasamehe, uwarehemu. Mtume aliwaombea hivyo wenyeji wake, katika Muslim. Ukifuturishwa: "Aftara indakumus-saimun, wa akala ta'amakumul-abrar, wa sallat alaykumul-malaika." Wafuturu kwenu waliofunga, wale chakula chenu watu wema, na malaika wawaombee rehema. Iseme wakusikie, mwenyeji hufurahi.

Nimesilimu, mama yangu ni Mkatoliki, na ndiye anayenipikia. Namwombeaje?

Mwombee. Sema dua aliyoisema Mtume katika hadithi ya Miqdad: "Allahumma at'im man at'amani, wasqi man saqani", ewe Mola, mlishe aliyenilisha, mnyweshe aliyeninywesha. Mwombee afya na uongofu. Kula alichokupikia kilicho halali, msifu, osha vyombo. Akikuuliza unanong'ona nini juu ya sahani, mweleze maana kwa lugha yake.

Kijana mmoja aliyeniuliza swali hili miaka miwili iliyopita alikuwa akiificha bismillahi yake, akihofia mama ataona amemtupa. Nilimshauri aiseme wazi na amtafsirie. Juzi amenisimulia kwamba sasa mama yake anashika upawa wa mchuzi wa karanga juu ya sahani, anamtazama, na hamimini mpaka amsikie akisema.